Kuhama Toleo, Al Khoudh

Kitabu kipya kimekuja bado kinanuka gundi.
Jobin kakichukua posta ya Seeb, jua la saa nane,
kakitua mezani baina ya birika la kahawa
na vitumbua vya mama yangu.
Jobin, ambaye Kiswahili kakisomea hapa hapa mezani
(neno lake la kwanza lilikuwa "upanga"),
akasema: basi, leo tunahama.

Hatukumjibu.
Zuweina alipangusa vidole kwanza,
akatafuta ukurasa wa wezi, maana yeye ni mwizi
tangu mwaka wa kwanza wa chuo.
Akasoma. Akafunga.
"Wameniongezea kisu," akasema,
"wameninyang'anya kivuli."

Cha zamani kiko pajani pangu,
uti wake umeshikwa na plasta ya dukani.
Ukurasa wa tisini na nne una duara la chai
lililozunguka neno "sumu"
kama muhuri wa kadhi.
Hiki nakijua kwa kidole, si kwa jicho:
kuanguka futi kumi, dadu moja;
kuogelea na deraya, Mungu akusaidie.
Milima yangu yote nimeipima kwa sheria hizi,
milima niliyoiiba dirishani mwa basi la Nizwa,
na joka langu lililolala ndani ya falaji kavu,
uhai wake mia na themanini.
Kitabu kipya kinasema mia mbili hamsini na sita.
Limenenepa usiku mmoja
bila ya kula mtu.

Muhenna ni mhasibu, na hesabu mpya kaipenda.
Zamani, anasema, unajumlisha, unatoa upepo,
unajumlisha mwinuko, unatoa giza,
ukimaliza adui keshazeeka.
Sasa unarusha dadu mbili, unachukua kubwa.
Kwisha.
Ana haki.
Inaniudhi kwamba ana haki.

Badriya, binamu yangu, kafika juzi kutoka Unguja.
Mchezo haujui, kafuata vitumbua.
Kanisikia nikisema "motokari", akacheka hadi akapaliwa:
"Neno hilo kwetu lilikwisha kufa!"
Mama akajibu kutoka jikoni:
"Huku lipo. Na leseni linayo."

Nikafungua cha zamani kutafuta sijui nini,
ikadondoka karatasi iliyokunjwa mara nne.
Baruti, mpiganaji, daraja la saba.
Uhai: hasi kumi.
Mwandiko wa Sleyum, penseli imekandamizwa
mpaka ikatoboa.
Zuweina akavuta kitabu kipya, akahesabu kwa midomo.
"Kwa sheria hizi angepewa nafasi tatu," akasema.
"Angeishi."

Nikampigia Sleyum, yuko zamu bandarini Duqm.
Upepo ulimeza nusu ya maneno yake.
Nikamweleza: toleo jipya, nafasi tatu, tunaweza kumrudisha.
Akanyamaza. Winchi ikalia nyuma yake.
"Msimfufue," akasema.
"Alikufa kwa sheria zile,
na mie nililia kwa sheria zile.
Niandikieni mwengine. Nakuja Idi."

Basi tukaanza kunakili.
Si kila kitu kinaingia: visanduku vimepungua,
majina ya vipaji yamebadilika,
Muhenna kapata nguvu asizoziomba
na wala hakulalamika.
Zuweina kaandika pembeni, nje ya mistari yote,
kwa herufi ndogo: kivuli.
Mwamuzi ni mimi. Nimeona.
Raba ilikuwa mkononi mwangu, nikampa Badriya aichezee.

Jobin akarusha ya kwanza ya toleo jipya.
Dadu ikaruka, ikapita chini ya kochi,
sote tukapiga magoti kwenye zulia,
simu zinamulika vumbi, kokwa za tende,
kalamu ya mwaka juzi.
Moja.
Moja ya vitabu vyote viwili.
Ukelele tulioupiga ukafika jikoni,
na mama, mikono ina unga,
akaja mlangoni kuuliza nani kafa.